KIWANJA CHA WOTE
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Nanyamba

Mwalimu wa kila darasa na agawe karatasi za somo hili. Wale wanaoweza kusoma wafuate maneno kwa kidole huku nikisoma polepole. Asiyeweza bado asione haya. Asikilize tu, na mwisho wa somo tutayarudia maneno magumu pamoja.

Leo tutazuru kiwanja cha namna ambayo wengi wetu hatujapata kuiona. Ni kiwanja cha zege kinachojengwa mjini, kisicho na kiingilio, ambapo watoto na vijana hucheza kwa ubao wenye magurudumu. Labda mzee mmoja atauliza: "Mimi ni mkulima wa korosho. Mchezo wa watoto wa mjini wanihusu nini?" Swali lake ni zuri, nami nitalijibu kabla ya kumaliza. Kwa sasa namwomba akumbuke neno moja tu: ardhi. Mchezo wowote huhitaji ardhi, na habari ya leo ni habari ya ardhi ambayo watu wengi huitumia pamoja.

1. Ubao wenyewe

Kwanza tuujue ubao. Urefu wake ni kama sentimita 80, yaani unakaribia urefu wa mkono wa mtu mzima kutoka begani hata ncha za vidole. Upana wake ni kama sentimita 20, karibu na shubiri moja. Mara nyingi hutengenezwa kwa vibao vyembamba saba vilivyogundishwa kwa gundi na kukandamizwa pamoja, ili uweze kunepa kidogo bila kuvunjika. Chini yake pana vyuma viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kila chuma kina magurudumu mawili ya plastiki ngumu. Gurudumu ni dogo sana. Ukilipima kwa vidole, ni kama vidole vitatu tu. Wengine huuita ubao huo sketibodi.

Mchezaji husimama juu ya ubao kwa mguu mmoja, na kwa mguu wa pili hupiga ardhi mpaka ubao uende. Kisha hupandisha mguu wa pili. Hapana usukani, wala hapana breki. Akielemea upande wa kulia, vile vyuma vya chini hupinda na ubao hugeuka kulia. Akielemea kushoto, hugeuka kushoto. Basi mchezaji huongoza kwa uzito wa mwili wake, kama mwendesha baiskeli aliyeachia mikono.

Mchezo huu ulianza katika jimbo la California, Marekani, katika miaka ya 1950. Huko pwani kulikuwa na vijana waliozoea kuteleza juu ya mawimbi ya bahari kwa ubao. Siku bahari ilipotulia walitaka kuteleza barabarani, wakafunga magurudumu chini ya mbao. Magurudumu ya zamani yalikuwa ya chuma au ya udongo uliochomwa; yaliteleza ovyo, na yakikutana na kijiwe kidogo yalisimama ghafla, mchezaji akaanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalipatikana magurudumu ya plastiki ngumu, nayo yakashika ardhi vizuri zaidi.

Kisha katika miaka ya 1976 na 1977 California ilipata ukame mkubwa, na mabwawa mengi ya kuogelea yakakaa bila maji. Vijana wakaingia na mbao zao ndani ya mabwawa makavu, wakaona kwamba kuta zake za mviringo zafaa sana kwa mchezo wao. Ndiyo sababu hata leo viwanja vingi vya namna hii vina shimo la zege lenye umbo la bakuli kubwa.

Msidhani ni mchezo wa wahuni tu. Mwaka 2021, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanywa Tokyo, Japani, mchezo huu uliingizwa kwa mara ya kwanza. Msichana Mjapani wa miaka 13, jina lake Momiji Nishiya, alishinda medali ya dhahabu. Hebu fikirini: miaka 13 ni umri wa binti anayemaliza shule ya msingi.

2. Kwa nini kiwanja kinatakiwa

Sasa tuulize: kwa nini mtoto asicheze na ubao wake popote tu? Jibu lipo chini ya miguu yetu. Mchukue mtoto mwenye ubao huo, mweke katika njia zetu za mchanga hapa Nanyamba. Atapiga ardhi kwa mguu, na ubao hautakwenda hata hatua moja, kwa kuwa magurudumu yale madogo huzama. Kwa hiyo atatafuta mahali pagumu na laini. Mahali hapo ni wapi? Ni barabara ya lami. Na barabara ya lami ina magari, malori na bodaboda. Ubao hauna breki, na dereva hamwoni mtoto mpaka amefika karibu. Kiwanja hujengwa ili mtoto apate ardhi ngumu bila kukutana na gari.

Kiwanja chenyewe hujengwa kwa vitu ambavyo kila fundi wa Nanyamba anavijua: saruji, mchanga, kokoto, maji na nondo. Tofauti ni umbo lake na ulaini wake. Mafundi huchimba na kushindilia udongo kwa mteremko, hupanga nondo, humwaga zege, kisha hulilainisha kwa mwiko mpaka liwe kama sakafu iliyopigwa nili. Baada ya hapo humwagilia maji kwa muda wa kama juma moja, ili zege lisikauke upesi na kupata nyufa. Katika nyumba ufa mdogo ni kasoro ya macho tu. Katika kiwanja hiki ufa mdogo hukamata gurudumu na kumvunja mtoto mkono.

Mteremko nao una kazi yake. Mchezaji hushuka kutoka ukingo mmoja, hupata mwendo, na mwendo ule humpandisha ukingo wa pili. Kisha hurudi tena, kama mtoto katika pembea. Akijua kukunja magoti wakati wa kushuka na kujinyoosha wakati wa kupanda, anaweza kwenda na kurudi muda mrefu bila kukanyaga chini.

3. Jinsi ya kuzuru

Tuseme umesafiri kwenda mji mkubwa kumtembelea mwanao, na mjukuu wako akakuambia, "Babu, twende kiwanjani." Utafanya nini ukifika?

Kwanza, usiingie mara moja. Simama pembeni, nje ya ukingo, utazame. Utaona kwamba hapo pana zamu, ingawa hapana askari wala mtu wa kupiga filimbi. Mmoja akiwa ndani ya bakuli, wengine husimama juu wakingoje. Akianguka au akimaliza, mwingine huingia. Ukikaa robo saa utazijua zamu zile vizuri.

Pili, usikate njia ya mchezaji. Mtu aliye juu ya ubao hawezi kusimama ghafla, naye hawezi kupiga honi. Wageni wengi huumia au kuumiza kwa sababu ya kupita tu, wakitazama upande mwingine.

Tatu, mtoto anayejifunza na avae kofia ngumu kichwani na kinga za magoti na viwiko, na viatu vyenye soli bapa. Ajifunze kuanguka kabla ya kujifunza kwenda mbio: akunje magoti, ajiviringishe kwa bega, asinyooshe mikono kuzuia uzito wote. Mtu ajuaye kuanguka huinuka na kujaribu tena.

Nne, angalia ardhi. Mchanga kidogo, jiwe moja, au kipande cha chupa ni hatari. Ndiyo maana utamwona kijana ameshika ufagio kabla hajashika ubao wake. Mvua ikinyesha wachezaji huondoka, kwa maana zege lenye maji huteleza.

Tano, usione haya kwa kuwa huna ubao. Kiwanja cha wote ni cha watazamaji pia. Bibi anayekaa pembeni na kuwatazama watoto analinda usalama wa mahali kuliko anavyojua mwenyewe.

4. Kitintale, Uganda

Sasa tuangalie mfano wa karibu yetu. Mashariki ya jiji la Kampala, katika njia ya kwenda Port Bell kwenye ziwa, kuna mtaa uitwao Kitintale. Ni mtaa wa watu wa kawaida, wenye nyumba zilizobanana. Mwaka 2006 vijana wa hapo walianza kujenga kiwanja cha mbao za magurudumu, na mara nyingi hutajwa kuwa cha kwanza katika Afrika Mashariki. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa kijana wa Uganda, Jackson Mubiru, akisaidiana na rafiki kutoka ng'ambo. Walichanganya zege kwa mikono yao wenyewe, kwa sepetu na mwiko.

Mbao za kuchezea zilikuwa chache, nyingi zikiwa zimeletwa kutoka nchi za nje, kwa hiyo watoto walitumia ubao mmoja kwa zamu. Hapo mtaona jambo la kujifunza. Mtu angedhani kwamba uchache wa mbao ungeleta ugomvi. Zamu ikawafundisha wakubwa kuwafundisha wadogo, kwa kuwa yule anayengoja zamu yake hana kazi nyingine ila kumtazama mwenzake na kumwambia alipokosea.

Baada ya hapo viwanja vingine vilijengwa katika nchi jirani. Nairobi kilifunguliwa kimoja mwaka 2013, katika makao ya watoto ya Shangilia, eneo la Kangemi. Addis Ababa, Ethiopia, kilifunguliwa kingine mwaka 2016, kikajengwa na vijana wa Ethiopia pamoja na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali.

5. Neno "bure"

Tumesema kiwanja hakina kiingilio. Tunasema ni cha bure. Neno hili tulitazame vizuri, kwa maana linaweza kutudanganya. Saruji ya Kitintale ilinunuliwa. Nondo ilinunuliwa. Ardhi ilipatikana kwa mtu au kwa watu. Kazi ya kufagia hufanywa na mtu, na jasho lake lina thamani. Basi kiwanja cha bure kina gharama, ila gharama hiyo imelipwa na wengine kabla hujafika, nawe unalipa kwa kukitunza.

Tena, kitu ambacho watu hukiita cha bure ni rahisi kukipoteza. Shamba la korosho lina mwenyewe. Ukikata mti mmoja utaulizwa. Kiwanja cha wote huonekana kama hakina mwenyewe. Leo mtu anaweka tofali kumi pembeni, kesho anajenga kibanda, keshokutwa anasema, "Hapa ni pangu, nimekaa siku nyingi." Watu hutazama, kila mmoja akidhani mwingine atasema. Mwishowe watoto wako barabarani.

6. Habari ya London

Sasa nawaleteeni habari ya mji wa mbali, kwa sababu inaonyesha namna ya kuzuia hasara hiyo. Katikati ya jiji la London, Uingereza, kwenye ukingo wa kusini wa mto Thames, kuna jumba la muziki liitwalo Queen Elizabeth Hall, lililofunguliwa mwaka 1967. Chini ya jumba hilo palibaki nafasi wazi yenye nguzo na miteremko ya zege. Aliyelichora jumba hakukusudia mchezo. Lakini tangu miaka ya 1970 vijana waliingia hapo na mbao zao, bila kiingilio, na pamekuwa mahali pao mpaka leo.

Mwaka 2013 wasimamizi wa mahali hapo walitoa mpango wa kujenga upya. Katika mpango huo, nafasi ile ya chini ingegeuzwa kuwa maduka, na wachezaji wangehamishiwa mahali pengine jirani. Wasimamizi nao walikuwa na hoja yao: walitaka fedha za kukarabati majumba ya muziki na sanaa, ambayo pia ni ya watu wote. Vijana hawakuvunja kitu wala kupigana. Waliweka meza palepale kiwanjani, wakawaeleza wapita njia, wakawaomba waandike majina yao. Watu kwa makumi ya maelfu wakaandika. Wengi walipeleka barua za kupinga kwa halmashauri ya mji, kwa kuwa sheria ya huko humruhusu mtu yeyote kuandika maoni yake juu ya ombi la ujenzi.

Mwezi wa Septemba mwaka 2014 pande mbili zilipatana. Mpango wa maduka mahali hapo uliachwa, na ahadi ya kukilinda kiwanja ikatiwa katika maandishi ya kisheria. Mwaka 2019 sehemu iliyokuwa imefungwa kwa miaka mingi ilikarabatiwa na kufunguliwa tena, kwa fedha zilizochangwa na watu.

Ndugu wanafunzi, kilichookoa kiwanja kile ni kalamu. Mtu aliyejua kucheza tu, bila kujua kuandika jina lake na sababu yake, asingesikika katika ofisi. Mnapojifunza kuandika herufi katika darasa hili, mnajifunza pia kulinda vitu vyenu.

7. Na sisi Nanyamba?

Sasa namjibu yule mzee. Nanyamba ni Halmashauri ya Mji tangu mwaka 2015. Ndani yake mna vijiji na mitaa. Mji unapokua, viwanja hupimwa, nyumba huongezeka, na thamani ya ardhi hupanda. Huu ndio wakati wa kutenga mahali pa wazi, kwa maana mji ukishajaa hapana tena pa kutenga ila kwa kubomoa na kulipa fidia. Sisemi tujenge kesho bakuli la zege. Huenda watoto wetu watataka kwanza uwanja wa mpira, maana sasa wanacheza chandimu popote panapobaki. Huenda wajukuu watataka ubao. Mchezo hubadilika, lakini ardhi isipotengwa hakuna mchezo wowote.

Sheria inatusaidia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema kwamba kijiji kinaweza kutenga ardhi kwa matumizi ya wote. Halmashauri ya Kijiji hutoa pendekezo, na Mkutano Mkuu wa Kijiji hukubali au hukataa. Mkutano huo ni wenu: kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, mwanamke kwa mwanamume. Kwa upande wa mitaa ya mji, mpango huonyeshwa katika mchoro wa mipango miji, ambapo maeneo ya wazi hutiwa alama yake.

Basi fanyeni mambo manne. La kwanza, ulizeni katika kijiji au mtaa wenu: mahali pa wazi ni wapi, na mpaka wake unaanzia wapi hata wapi? La pili, kama hapajulikani, lipelekeni jambo hilo mkutanoni. La tatu, hakikisheni uamuzi umeandikwa katika muhtasari wa mkutano, pamoja na tarehe na mipaka. Kisha mmoja wenu aliyejua kusoma ausome kwa sauti mbele ya wote kabla haujatiwa sahihi. Maneno ya mdomoni husahauliwa, na mashahidi hufa. La nne, patumieni mahali hapo. Pandeni miti ya mpaka, pafagieni, watoto wacheze. Mahali panapotumiwa kila siku ni vigumu kuibwa usiku.

Maneno ya kujifunza

Zege: saruji, mchanga, kokoto na maji vilivyochanganywa.
Kunepa: kupinda kidogo bila kuvunjika.
Zamu: nafasi ya mtu mmoja baada ya mwingine.
Muhtasari: maandishi ya mambo yaliyosemwa na kukatwa mkutanoni.
Eneo la wazi: ardhi isiyojengwa, iliyotengwa kwa matumizi ya wote.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini ubao wa magurudumu hauendi katika mchanga?
2. Mgeni akifika katika kiwanja cha namna hii, afanye nini kwanza?
3. Vijana wa London walitumia njia gani kukilinda kiwanja chao? Wasimamizi walikuwa na hoja gani?
4. Katika kijiji au mtaa wako, mahali pa wazi ni wapi? Ni nani anayejua mpaka wake?
5. Kila mwanafunzi aandike sentensi moja, kwa mkono wake mwenyewe, inayoanza hivi: "Mimi, mkazi wa ..., naomba mahali pa watoto kucheza patengwe kwa sababu ..."

Sentensi ya swali la tano msiifute ubaoni. Kila mmoja na aiandike katika daftari lake na kuitunza, kwani siku ya mkutano itahitajika.